Nyaraka Hazihami Zenyewe: Historia Fupi ya Kuandika Pamoja, Kutoka Kabati hadi Seva

Wengi wetu tunaofundisha au kujifunza Kiswahili hapa Bujumbura hupita Gasenyi mara kwa mara. Mtaa huu uko kaskazini mwa jiji, upande wa Gihosha, na watu huutambua zaidi kwa ikulu iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. Mwaka huohuo Gitega ilifanywa kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura ikabaki kuwa mji mkuu wa kiuchumi. Yaani jengo kubwa la serikali lilikamilika mjini mara tu serikali ilipoanza kufunga virago. Hata hili si jambo geni: mwaka 1912 Wajerumani waliuanzisha mji wa Gitega na kuhamishia huko ofisi ya mkuu wao iliyokuwa Usumbura. Baadaye Wabelgiji wakarudisha uzito wa utawala Usumbura. Barabara hiyo ya kilomita zipatazo 100 imepitisha mafaili mengi, kwenda na kurudi.

Makala haya hayahusu siasa ya miji mikuu. Yanahusu kile kinachofungwa kwenye maboksi ofisi inapohama, na siku hizi kile kisichoonekana kwenye maboksi kwa sababu kiko ndani ya seva. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kamusi, orodha za istilahi, mitihani, muhtasari wa masomo na tafsiri ni kazi zinazoandikwa na watu wengi, na kazi ya watu wengi lazima iwe na mahali inapokaa. Mahali hapo pakihama vibaya, lugha yenyewe hupoteza kitu.

Kamati iliyohama mara nne

Tuanze mbali kidogo, kabla ya kompyuta. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilianza kazi mjini Dar es Salaam. Iliziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe walikuwa maofisa wa elimu, wamisionari na Wazungu wengine. Waafrika, wenye lugha, hawakuwa na kiti mezani. Hilo limeshajadiliwa sana na wanahistoria wa Kiswahili. Lisilojadiliwa sana ni namna Kamati ilivyofanya kazi kila siku.

Mwandishi wa kitabu cha shule alimpelekea Katibu muswada. Katibu aliupeleka kwa wasomaji, wengine wakiwa nchi nyingine, nao waliandika masahihisho yao na kuurudisha. Masahihisho yalikusanywa, yakalinganishwa, na kitabu kikipita kilichapishwa pamoja na tamko kwamba Kiswahili chake kimeidhinishwa. Fikiria kazi hiyo kwa posta ya meli na treni. Wasomaji wawili wakisahihisha sentensi moja kwa namna mbili, nani ashike kalamu ya mwisho? Na nakala ipi ndiyo nakala halisi? Jibu lilikuwa Katibu. Kwa lugha ya leo tungesema Katibu ndiye aliyekuwa seva: kila kitu kilipita kwake, kilihifadhiwa kwake, na toleo lililokuwa kwenye kabati lake ndilo lililohesabika.

Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, alifariki mwaka 1937. Kamusi mbili kubwa zilizoandaliwa chini ya uongozi wake, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilitoka mwaka 1939. Kwa maoni yangu huu ndio mtihani wa kwanza ambao mfumo ule uliufaulu: mtu aliondoka, kazi ikabaki, kwa kuwa ilikuwa ya ofisi na haikuwa kwenye begi la mtu.

Kisha Kamati ikaanza kuhama. Mwaka 1942 ilikwenda Nairobi. Mwaka 1952 ilihamia Makerere, Kampala. Mwaka 1962 ilikwenda Mombasa, na mwaka 1963 ikarudi Dar es Salaam ilikoanzia. Mwaka 1964 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miji minne katika miaka 34, na kila mara miswada, barua, majarida na orodha za maneno vilibebwa kwenye masanduku. Jarida lake lilianza wakati mmoja na Kamati, na tangu mwaka 1970 linaitwa Kiswahili. Mrithi wa Kamati angali anafanya kazi. Si ofisi nyingi za kikoloni zinazoweza kusema hivyo.

Burundi haikuwamo. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, na Kamati ilikuwa ya Waingereza. Kiswahili kilikuwepo Usumbura tangu enzi za wafanyabiashara na askari, Wajerumani walikitumia katika shughuli za vituo vyao, na Buyenzi imeendelea kuwa mtaa wa Waswahili hadi leo. Lakini hapakuwa na mjumbe wa Usumbura wa kumwandikia Katibu kwamba kwetu neno fulani hutumika hivi. Kiswahili chetu hakikukataliwa na Kamati. Hakikufika mezani kabisa. Tofauti hiyo ni muhimu, maana neno lililokataliwa angalau huacha alama kwenye faili.

Kuhama, kuhamisha, kuhamishwa

Hapa nitachepuka kidogo kwa faida ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaolalamika kwamba kauli za vitenzi hazina kazi nje ya mtihani. Wataalamu wa kompyuta hupenda kusema kwamba nyaraka 'zimehama' kutoka seva moja hadi nyingine. Sarufi yetu inapinga. Anayehama ni mtu, au ndege, au kabila. Hufanya hivyo kwa miguu au mabawa yake. Nyaraka huhamishwa. Kiambishi cha kutendesha kinadai mtendaji, na cha kutendwa kinaacha swali lisilojibiwa: na nani?

Historia ya nyaraka za kikoloni inaonyesha kwamba swali hilo si la sarufi tu. Kabla ya uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai 1962, Wabelgiji walisafirisha sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala wa Ruanda-Urundi hadi Brussels, ambako zilikaa kwa miongo mingi chini ya wizara ya mambo ya nje. Mwanafunzi wa Burundi anayetaka kujua maofisa waliandika nini kuhusu lugha za Usumbura hulazimika kufikiria tiketi ya ndege. Waingereza nao walifanya yao. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliowahi kuteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibidi ikubali kwamba katika jengo la Hanslope Park ilikuwa imeficha mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Ofisini yaliitwa kwa jina la upole: nyaraka zilizohamishwa. Mafaili hayo yalibadili mwelekeo wa kesi, na mwaka 2013 serikali ile ilikubali kuwalipa wazee fidia.

Kwa hiyo fundi anapokuja ofisini na kutangaza kwamba nyaraka 'zitahama' mwishoni mwa wiki, mwulize kwa adabu mtendaji ni nani, na zinakwenda kukaa kwa nani.

Mashine isiyozimwa

Kompyuta ziliingia katika hadithi hii kupitia tatizo lilelile la Katibu. Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo. Hakuzungumzia biashara wala burudani. Alilalamika kwamba wafanyakazi wengi hukaa muda mfupi, kisha huondoka na maarifa yao, na anayekuja baada yao hutumia siku nyingi kutafuta jambo ambalo lilikwisha kuandikwa. Alitaka nyaraka za ofisi ziunganishwe ili zifikiwe na kila mtu kazini. Wavuti ya dunia ilizaliwa kama dawa ya ugonjwa wa ofisi. Seva ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani ya NeXT, yenye karatasi iliyobandikwa na kuandikwa kwa wino mwekundu kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Kila aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ambamo mhudumu wa usafi huchomoa waya ili achomeke pasi au birika ataielewa karatasi ile.

Programu ya kwanza ya Berners-Lee ilimwezesha mtu kusoma ukurasa na pia kuuandika. Programu zilizopendwa baadaye zilibakiza kusoma tu. Uandishi wa pamoja ulirudi mwaka 1995, Mmarekani Ward Cunningham alipotengeneza tovuti ambayo kila msomaji aliweza kuihariri. Aliiita wiki, kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, ambalo alilisikia likirudiwa katika jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu: wikiwiki. Wahawaii hurudufu neno ili kulitia nguvu, kama sisi tunavyosema upesi upesi. Laiti basi lile lingekuwa la Bujumbura, leo huenda dunia nzima ingekuwa inasoma ensaiklopidia iitwayo Harakapedia.

Kiswahili hakikuchelewa. Mwaka 1994, kabla hata ya wiki ya kwanza, Martin Benjamin, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alianzisha Mradi wa Kamusi: kamusi hai ya Kiswahili kwenye intaneti. Watu waliojitolea kutoka nchi mbalimbali walipendekeza maneno na masahihisho, na mhariri aliyapitia kabla hayajachapishwa. Ukiangalia vizuri utaona ni utaratibu wa Kamati ya 1930, isipokuwa posta imekuwa ya sekunde na mlango uko wazi kwa mtu wa Lamu, wa Lubumbashi na wa Buyenzi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua faili, kuihariri na kuihifadhi kwa amri za lugha yake.

Mradi wa Kamusi haukubaki Yale. Fedha za misaada ya mwanzo zilikwisha, mradi ukatoka chuoni, ukasimama kama kazi isiyotafuta faida, na baadaye ukapanuliwa kwa lugha nyingine nyingi. Naamini kila idara ya Kiswahili yenye ndoto ya kuanzisha hazina yake ya maneno iutazame mfano huu kwa makini. Ufadhili hununua mashine na kulipa mwaka wa kwanza au wa tatu. Maneno yaliyochangwa na watu wa bure, hata hivyo, huishi muda mrefu kuliko bajeti, na siku bajeti inapokwisha lazima yabebwe kwenda kwingine na mtu ambaye pengine halipwi.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na mwaka 2009 Google iliendesha mashindano ya kuiandikia makala yaliyowashirikisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mashine zake zimehamishwa mara kadhaa pamoja na za Wikipedia nyingine: kwanza zilikuwa California, mwaka 2004 zikawa Tampa, Florida, na Januari 2013 kazi kuu ikapelekwa Ashburn, Virginia. Ni wasomaji wachache waliojua kwamba jambo limetokea. Lakini kuna kisa cha mwanzoni ambacho kinafundisha zaidi. Mwaka 2002 Wikipedia ilibadilishiwa programu. Makala zilivuka salama; historia ya masahihisho ya miezi ya kwanza haikuvuka yote. Kwa miaka mingi haikujulikana nani aliandika nini katika kurasa za mwanzo kabisa, hadi Desemba 2010 ambapo fundi wao, Tim Starling, alizikuta kwenye nakala rudufu ya zamani. Maandishi yaliyobaki yalionekana kamili kwa kila mtu. Kilichopotea ni jina la mwandishi na safari ya wazo lake, yaani kile ambacho mwanahistoria hukitafuta kwanza.

Ofisi ndogo ya Gasenyi

Sasa turudi mtaani. Tuchukue mfano wa ofisi ya watu kumi, tuseme ya wafasiri au ya walimu wanaoandaa vitabu. Hadi miaka ya 2000 intaneti ya Bujumbura ilitegemea satelaiti, ikawa ghali na ya polepole. Faili ilizunguka kwa barua pepe au kwa flashi, pamoja na virusi vyake, na baada ya wiki mbili kulikuwa na 'sura ya 3 mpya', 'sura ya 3 mpya kabisa' na 'sura ya 3 ya mwisho B'. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, na Burundi, isiyo na bahari, ikaunganishwa nazo kwa nyaya za nchi kavu kupitia majirani. Tangu hapo ofisi imekuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukodi huduma ya kampuni kubwa, kama ile ya Google iliyoanza mwaka 2006, ambapo watu kadhaa huandika katika waraka mmoja kwa wakati mmoja. Ya pili ni kuweka seva yako kwa programu huria kama Nextcloud, iliyozaliwa mwaka 2016 baada ya waanzilishi wa ownCloud kutofautiana na kampuni yao. Mgawanyiko ule nao ni somo: kwa kuwa programu ilikuwa huria, waliotaka kuhamia upande mpya waliweza kuondoka na kila kitu chao.

Seva ya ofisini inahitaji betri ya kuihimili umeme unapokatika, nakala rudufu inayokaa jengo jingine, na mtu wa kuiangalia. Nafasi si tatizo. Ukurasa mmoja wa maandishi matupu una herufi zipatazo 2,000. Diski ya terabaiti 1 hubeba kurasa za aina hiyo kama milioni 500, zaidi ya yote yaliyowahi kuandikwa na Kamati na taasisi zilizoirithi.

Tatizo hujitokeza wakati wa kuhamisha, na hapa kwetu huja kwa sura ya lugha. Dosiye za ofisi za Burundi zina majina ya Kifaransa yenye é na ç, na wanaisimu wa Kirundi huweka alama za toni juu ya irabu. Kompyuta moja huhifadhi é kama herufi moja. Nyingine huihifadhi kama e ikifuatwa na alama yake. Kwa macho ya binadamu ni kitu kilekile. Kwa seva mpya ni majina mawili tofauti, kwa hiyo faili moja huonekana mara mbili au haionekani kabisa. Seva za zamani zaidi hugeuza é kuwa vinyoya viwili visivyosomeka, na orodha ya toni iliyochukua miaka mitatu ya utafiti huwa takataka kwa usiku mmoja. Fundi asiyejua lugha hawezi kuligundua hilo, maana hesabu ya faili itakuwa sahihi. Inatakiwa mtu anayesoma Kirundi na Kiswahili akae naye.

Kuna mambo mengine ambayo huanguka njiani kimyakimya. Tarehe za faili hugeuka zote kuwa tarehe ya kuhamisha, na baadaye hakuna anayejua mtihani upi ulitangulia. Maoni ya pembezoni, ambamo wahariri wawili walibishana juu ya neno moja kwa mwezi mzima, huachwa na programu isiyoyatambua. Matoleo ya awali hayafuati. Haki za kuingia hupotea, ikawa mwanafunzi anaona mtihani wa kesho au mwalimu mkuu hawezi kufungua faili aliyoiandika mwenyewe. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hufunga uandishi kwanza, hunakili, kisha huitaka programu ikokotoe namba ya uhakiki ya kila faili pande zote mbili. Koma moja ikibadilika namba haitalingana. Seva ya zamani huachwa ikiwaka kwa wiki kadhaa kwa kusoma tu. Na anwani hubaki ileile, ili kiungo kilichoandikwa katika tasnifu ya mwaka 2012 kisiishie ukutani.

Swali la umiliki lapaswa kumalizwa kabla ya hayo yote. Nimeona ofisi ambamo jina la tovuti limesajiliwa kwa anwani binafsi ya kijana aliyekuwa akifanya mafunzo ya vitendo, na nywila kuu iko kwenye simu yake. Akipata kazi Kigali, ofisi imefungiwa nje ya nyumba yake. Kamati ya 1930 ilikuwa na kasoro nyingi, lakini funguo za kabati zilikuwa za cheo cha Katibu, na Katibu mpya alikabidhiwa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo iko Zanzibar. Kiti ambacho Usumbura haikukipata mwaka 1930 sasa kipo. Kama idara zetu zitaweka seva ya pamoja, ningependa waraka wa kwanza kufunguliwa humo uwe orodha ya maneno ya Buyenzi, yakiwa na matamshi, mifano ya sentensi na majina ya waliokubali kutajwa kama watoa taarifa, na upande wa pili wa kila neno nafasi tupu ambapo mwenzetu wa Ujiji au wa Uvira ataandika kwao husemwaje.